Sura ya Saba: Pumu ya Ngozi Inapovamiwa

Mama wa mtoto mwenye pumu ya ngozi hahitaji kufundishwa ngozi ya mwanawe. Anajua mashavu yanavyochachamaa kaskazi ikishakolea, jasho linapotuama shingoni na kwenye mikunjo ya viwiko. Anajua sabuni inayomwasha na nguo inayomkwaruza. Anajua usiku wa kujikuna mpaka shuka ikapata madoa ya damu, na anajua asubuhi yake, mtoto akiamka na kudai chai kana kwamba hakukuwa na jambo. Kwa hiyo mama huyo akifika zahanati na kusema, "Daktari, leo siyo ile ya siku zote," ameshatoa nusu ya utambuzi wa ugonjwa.

Sura hii ni ya siku hiyo. Ni siku ambayo virusi vya hepesi, vile vile vinavyowatoa watu wazima vidonda vya homa pembeni mwa mdomo, vimepata njia ya kuingia katika ngozi ya mtoto yenye ukurutu. Kwa mtu mzima kidonda hicho hukaa mahali pamoja, kikakauka ndani ya wiki moja au mbili, na hakuna anayekwenda hospitali kwa ajili yake. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi maambukizi hayo huweza kutambaa uso mzima, yakashuka shingoni, kifuani na mikononi, yakaleta homa kali, na yakifika jichoni yakahatarisha uwezo wa kuona. Madaktari huuita ugonjwa huu ekzema hepetikamu. Hauwapati wengi: hata miongoni mwa wenye pumu ya ngozi, wanaougua hawafiki 3 katika kila 100. Ila ni miongoni mwa magonjwa machache ya ngozi yanayoweza kumuua mtoto, na dawa yake ipo, na hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema.

Ninachotaka kukionyesha ni hiki. Kwenye pwani hii, kuanzia Mkinga mpakani hadi Tanga mjini, Muheza na Pangani, mtoto wa ugonjwa huu huwa hatarini zaidi kwa kuchelewa kutambuliwa kuliko kwa kukosa dawa ya ajabu kutoka ng'ambo. Anapita mikononi mwa watu watatu au wanne mfululizo, na kila mmoja anaona kile alichozoea kukiona.

Lipu iliyobanduka

Nyumba za zamani za Pangani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Lipu ikiwa nzima, mvua ya masika hupiga ukutani na kuteremka. Lipu ikibanduka, maji huingia, chumvi hupanda, na jiwe lenyewe huanza kumung'unyika. Ngozi ya juu ya mwili nayo imepangwa hivyo: seli bapa, safu juu ya safu, na katikati yake mafuta yanayozishikamanisha. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi mafuta hayo ni haba na seli zimelegea. Maji ya mwili yanavukia nje, ngozi inakauka. Jasho, sabuni na vumbi vinapenya ndani, kinga ya mwili inashtuka, mtoto anawashwa, anajikuna, na kucha zinamalizia kazi.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, wakiongozwa na Irwin McLean, walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa Ulaya wana hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayosaidia kuikaza ngozi. Kwa watu wenye asili ya Afrika hitilafu hizo ni nadra, ingawa pumu ya ngozi tunayo tele. Kwetu sisi ubovu unaanzia kwingine, na sayansi bado inaendelea kuufuatilia. Kilicho wazi ni kwamba kinga ya mtoto huyu imeelemea upande mmoja. Inapigana na vumbi na vyakula kana kwamba ni maadui, na katika kufanya hivyo inapunguza protini ndogo ndogo ambazo kwa kawaida huua virusi na bakteria juu ya ngozi kabla havijaota mizizi. Adui wa kweli akija, hakuti mlinzi.

Na adui huyo hatoki mbali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2016 watu bilioni 3.7 walio chini ya miaka 50, sawa na theluthi mbili hivi ya wote wa umri huo, walikuwa na virusi vya hepesi aina ya kwanza, na Afrika ilikuwa miongoni mwa maeneo yenye kiwango cha juu kabisa. Wengi wetu tuliambukizwa utotoni bila kujua. Mwaka 1939 Frank Macfarlane Burnet na mwenzake S. W. Williams, wakiwa Melbourne, Australia, waliweka bayana mwenendo wa kirusi hiki: humwingia mtu mara moja akiwa mdogo, kisha hakimtoki maisha yake yote. Hujificha katika kifundo cha neva za uso karibu na sikio, na mara moja moja hurudi kwa njia ile ile ya neva hadi mdomoni, hasa mtu anapopata homa, jua kali au uchovu. Ndiyo maana watu wa pwani, waliozoea malaria na vidonda vya mdomo kufuatana, husema homa imetokea mdomoni.

Kirusi hutoka pia katika mate ya mtu asiye na kidonda chochote. Mtoto wa pwani hapokelewi na watu wawili. Bibi anambusu, shangazi anambusu, jirani anayepita na kapu la samaki anambusu, na mdogo wa mama anamtafunia kipande cha muhogo ili ajifunze kula. Kwa mtoto mwenye ngozi nzima, matokeo ya kawaida ni kuugua midomo na fizi kwa wiki moja, au kutougua kabisa. Kwa mwenye ukurutu uliochubuka shavuni, busu limetua mahali palipo wazi. Hakuna wa kulaumiwa hapa. Lakini katika nyumba yenye mtoto wa pumu ya ngozi, mtu aliyeota kidonda cha mdomo aache kumbusu mpaka kikauke kabisa, asishirikiane naye kijiko wala taulo, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba. Bibi akielezwa sababu, ndiye atakayekuwa askari mkali kuliko wote.

Kwa macho ya karibu

Tangu kuambukizwa hadi ishara za kwanza huchukua siku 5 hadi 12 hivi. Mtoto huanza kuchoka na kununa, mwili unapata joto, anakataa ziwa au uji. Kisha hutoka vilengelenge, mara nyingi usoni na shingoni, pale pale ambapo ukurutu ulikuwa mbaya zaidi.

Mlete mtoto mlangoni penye mwanga wa mchana, au washa tochi ya simu na uimulike kwa ubavu, si kwa mbele. Kilengelenge kina upana wa milimita 2 au 3, kimejaa maji, na juu yake kina kishimo kidogo mithili ya kitovu, ambacho mwanga wa ubavuni hukionyesha kwa kivuli chake. Tazama cha pili, cha tatu, cha kumi. Vyote vina ukubwa mmoja, vimesongamana, na vinafanana kama vilivyopigwa muhuri mmoja. Baada ya siku moja au mbili vinapasuka, na hapo ndipo ugonjwa unapojitaja wenyewe: panabaki vidonda vidogo vya duara, vyenye kingo zilizokatwa sawasawa, kana kwamba mtu amevitoboa kwa ncha ya kalamu. Vikikaribiana huungana na kuwa kidonda kimoja kipana chenye kingo za mawimbi. Juu yake hukaa gamba jeusi la damu iliyokauka. Tezi za chini ya taya huvimba. Na mtoto ambaye siku zote alikuwa anajikuna, sasa hataki kuguswa: muwasho umegeuka maumivu.

Vitabu vingi vya tiba vilivyotufikia viliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe, kwa hiyo vinamwambia tabibu atafute wekundu. Katika ngozi ya mtoto wa Makorora au Chumbageni, Tanga mjini, wekundu ni mgumu kuonekana. Ukurutu wake hukoleza weusi, au hukaribia rangi ya zambarau au kijivu, na mara nyingi huja kwa vipele vidogo vilivyojipanga kuzunguka vinyweleo. Anayengoja wekundu ataambiwa na ngozi hiyo kwamba hakuna kitu. Umbo, ukubwa unaolingana, vishimo vya duara na maumivu ndivyo vya kutegemea, kwa sababu havibadiliki kwa rangi ya mtu.

Majirani wanaofanana naye

Kwanza ni malaria. Mtoto ana homa, tuko Tanga, na akili ya kila mtu inakimbilia huko. Haikukosea sana kwa miaka mingi, ila mazoea yana gharama. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali, vimelea vilithibitishwa katika damu ya asilimia 46 tu. Zaidi ya nusu walikuwa na kitu kingine. Tangu wakati huo kipimo cha haraka cha malaria kimefika mpaka zahanati za vijijini, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kipimo kikisema hakuna malaria, kazi ndiyo kwanza imeanza. Na kikisema ipo, mtoto anaweza kuwa na malaria na malengelenge kwa pamoja. Nguo lazima zivuliwe na ngozi itazamwe.

Jirani wa pili ni tetekuwanga. Nayo ina homa na vilengelenge, lakini vyake huja kwa mawimbi: leo unaona kipele, lengelenge na gamba kwa wakati mmoja, vingi vikiwa kifuani na mgongoni. Wa tatu ni bakteria, ambao huacha gamba la rangi ya asali na ambao mara nyingi huja pamoja na hepesi, kwa hiyo kuwaona hakumaanishi kwamba kirusi hakipo. Wa nne ni upele wa kuambukizana, ambao huwasha usiku, hukaa katikati ya vidole, na huwa umewapata wengi nyumbani.

Wa tano ni mgeni. Tarehe 10 Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa wawili wa kwanza wa mpox nchini, na Kenya ilikuwa imetangaza wa kwake Julai 2024, aliyegunduliwa Taveta, mpakani na Kilimanjaro. Lengelenge la mpox nalo lina kitovu. Huwa kubwa zaidi na la kina zaidi, na hupenda viganja na nyayo. Tabibu akiwa na shaka ataomba kipimo na kumtenga mtoto, na hapo amefanya sahihi. Asichopaswa kufanya ni kumwacha mtoto mwenye pumu ya ngozi bila dawa ya hepesi siku tatu nzima, huku wote wakingoja majibu kutoka maabara ya mbali.

Pwani ya Afrika Mashariki ina kumbukumbu ya jinsi macho yenye uzoefu yanavyoweza kuteleza. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipoanza homa alitibiwa malaria. Vipele vilipotoka akaambiwa ni tetekuwanga. Haya yalitokea katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa imejaa watu wa chanjo waliokuwa wakiisaka ndui hiyo hiyo nyumba kwa nyumba. Maalin alipona, baadaye akajitolea katika kampeni za chanjo ya polio, na alifariki mwaka 2013 kwa malaria. Ikiwa ndui iliweza kupita mbele ya wataalamu wake kwa majina hayo mawili, tusishangae hepesi ya mtoto mmoja kupita mbele ya tabibu mwenye foleni ya wagonjwa sitini.

Dirishani kwa muuza dawa

Kabla ya zahanati kuna duka la dawa. Liko karibu, liko wazi usiku, halina foleni. Mazungumzo yake huwa mafupi.

"Kaka, nataka dawa ya vipele vya mtoto."

"Vinawasha?"

"Vinawasha, na leo vimetoa maji."

"Mpake hii, asubuhi na jioni."

Hii ni tubu ya krimu ya mchanganyiko: ndani yake mna steroidi kali, dawa ya bakteria na dawa ya fangasi, vyote kwa pamoja, ili chochote kitakachokuwapo kipigwe. Muuzaji hana nia mbaya. Mara nyingi krimu hiyo humtuliza mtoto kwa siku mbili, na mteja hurudi kushukuru. Lakini hakuna hata kimoja ndani ya tubu hiyo kinachougusa mwili wa kirusi, na steroidi kali juu ya ngozi iliyoambukizwa hupunguza hata ile kinga ndogo iliyobaki. Ikitumiwa miezi usoni mwa mtoto, hupunguza pia unene wa ngozi.

Maswali matatu yangetosha kubadilisha safari ya mtoto huyo pale pale dirishani. Ana homa? Malengelenge yamelingana ukubwa? Nyumbani kuna mtu aliyekuwa na kidonda cha mdomo wiki mbili hizi? Jibu likiwa ndiyo kwa mawili, tubu irudi rafuni na mtoto apelekwe hospitali, usiku huo huo kama anakataa kunywa au kidonda kiko karibu na jicho.

Kosa la upande wa pili halizungumzwi sana. Akina mama waliosikia kwamba steroidi zinachubua ngozi huziogopa zote, hata haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni nyepesi na ambayo tabibu huwapa watoto kwa siku chache ukurutu unapochachamaa. Wakiiacha, ngozi hubaki wazi kwa miezi, na ngozi iliyo wazi ndiyo inayovamiwa. Pumu ya ngozi iliyodhibitiwa ni kinga ya kwanza dhidi ya ugonjwa wa sura hii: mafuta ya mgando mara kadhaa kwa siku, hasa mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu; maji ya vuguvugu badala ya moto; sabuni ya mche iachwe kwa nguo na dodoki liachwe kwa watu wazima; kucha zikatwe; na steroidi nyepesi kwa maelekezo ya tabibu pale inapohitajika. Mwarobaini uliochemshwa, maji ya bahari na liwa vina heshima yake pwani, lakini juu ya malengelenge yaliyopasuka huunguza, na kwa jicho ni hatari. Jicho lenye hepesi lisitiwe chochote cha nyumbani, wala matone ya steroidi ambayo mtu alibakiza kutoka ugonjwa mwingine.

Kutoka Vienna hadi kidonge

Aliyeueleza ugonjwa huu kwanza ni Moritz Kaposi, daktari wa ngozi wa Vienna aliyezaliwa Kaposvár, Hungaria, mwaka 1837. Jina lake linajulikana Tanzania kwa sababu ya saratani aliyoieleza mwaka 1872, ile ambayo miaka ya UKIMWI iliwajaza wagonjwa katika wodi zetu. Mwaka 1887 aliandika kuhusu watoto wenye ukurutu waliotokwa ghafla na malengelenge yenye vitovu, wakashikwa na homa kali, na baadhi wakafa. Hakuwa na namna ya kujua kwamba ni virusi. Kwa takriban miaka 90 baada yake, madaktari waliweza kuutambua ugonjwa na kuupa jina lake, lakini tiba ilikuwa kusafisha vidonda, kunywesha maji na kuomba Mungu.

Mabadiliko yalitoka Marekani, katika maabara za kampuni ya Burroughs Wellcome. Gertrude Elion, mkemia wa New York aliyenyimwa nafasi nyingi kwa sababu ni mwanamke na ambaye hakuwahi kumaliza shahada ya uzamivu, aliongoza kundi lililoonyesha mwaka 1977 jinsi asaiklovia inavyofanya kazi. Siri yake iko hapa: dawa huingia mwilini ikiwa haina nguvu, na kimeng'enya cha kirusi chenyewe ndicho kinachoiamsha. Ikishaamka, huzuia kirusi kujinakili. Seli isiyo na kirusi karibu haiigusi. Ndiyo maana inaweza kupewa hata kitoto kichanga. Mwaka 1988 Elion alipata Tuzo ya Nobel pamoja na George Hitchings na James Black.

Tanzania haikungoja sana kuifahamu. Vidonge vya asaiklovia vimo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu, na kliniki za tiba ya UKIMWI zimeviandika kwa miaka kwa wagonjwa wa mkanda wa jeshi na hepesi ya sehemu za siri. Kanda ya Ziwa ilishiriki jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2008, likiongozwa na Deborah Watson-Jones, kuona kama kuwapa wanawake asaiklovia kila siku kungewakinga na VVU. Haikuwakinga. Lakini kidonge chenyewe si kigeni kwa mfamasia wa Tanga, na bei yake si ya kumfukarisha mtu.

Kwa mtoto mwenye ekzema hepetikamu, krimu ya asaiklovia haitoshi. Dawa lazima ipitie mdomoni au mshipani, kwa dozi inayopimwa kwa uzito. Mtoto mdogo sana, mwenye homa kali, anayetapika, aliyeenea vidonda au mwenye kidonda karibu na jicho hulazwa na kuchomwa mshipani kila saa 8, huku akipewa maji ya kutosha ili dawa isigande katika figo. Dawa hiyo ya sindano haipatikani kila kituo, na hiyo ni sababu ya kumpa rufaa mapema kwenda hospitali ya Bombo, Tanga mjini, si ya kumkalisha. Akiwa anangoja usafiri na anaweza kumeza, dozi ya kwanza ianzie kituoni. Mara nyingi huongezewa dawa ya bakteria, na ya maumivu asiisahau mtu.

Uzito wa siku moja

Mwaka 2011 Paul Aronson na wenzake walichapisha uchambuzi wa watoto 1,331 waliolazwa kwa ugonjwa huu katika hospitali 42 za watoto nchini Marekani. Hakuna aliyekufa. Katika ugonjwa uliomtisha Kaposi, habari hiyo peke yake ni ushindi. Lakini kilichomo ndani ya hesabu ndicho kinachotuhusu. Ukilinganisha na waliopata asaiklovia siku ya kwanza, walioanza siku ya pili walikaa wodini asilimia 11 zaidi. Walioanza kati ya siku ya nne na ya saba walikaa karibu mara mbili. Hizo zilikuwa hospitali zenye kila kitu. Mtoto wa Mkinga anayezichoma siku nne za kwanza kati ya krimu ya dukani, dawa ya malaria na nauli ya kutafuta, hana mto huo wa kuegemea.

Na kipimo cha kuharakisha uamuzi kipo karibu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1947 Arnault Tzanck wa Paris alionyesha kwamba ukikwangua taratibu sakafu ya lengelenge, ukapaka kwenye kioo na kutia rangi, utaona chini ya hadubini seli kubwa zenye viini vingi, alama ya hepesi au tetekuwanga. Rangi inayotumika ni Giemsa, ile ile ya kutazamia vimelea vya malaria, iliyoachwa na Gustav Giemsa, mfamasia wa Kijerumani aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Maabara yoyote ya Tanga inayosoma malaria kwa hadubini tayari ina rangi hiyo. Kipimo hakitofautishi hepesi na tetekuwanga, ila yote mawili hutibiwa kwa asaiklovia, kwa hiyo kwa mtoto huyu tofauti haimcheleweshi mtu. Na hata hadubini isipokuwapo, tabibu aliyeona vishimo vya duara juu ya ukurutu hapaswi kungoja karatasi.

Macho yaliyofundishwa Moshi

Tatizo hili la macho liliwahi kupatiwa jibu hapa hapa nchini. Mwaka 1992, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilifunguliwa kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Wakfu wa Kimataifa wa Magonjwa ya Ngozi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Dkt. Henning Grossmann. Waanzilishi walipiga hesabu ya kawaida: madaktari bingwa wa ngozi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na hata wangeongezwa wangebaki mijini. Wakaamua kuwachukua maofisa tabibu, watu wanaowaona wagonjwa wa vijijini kila siku, wakawafundisha ngozi kwa miaka 2, kisha wakawarudisha walikotoka. Wamekuja wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na katika mikoa mingi mtu wa kwanza kuijua ngozi kwa undani ni mmoja wa hao.

Lakini Moshi iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Tanga, na ofisa mmoja wa ngozi hawezi kukaa kila zahanati. Mwongozo unaotumiwa kwa watoto walio chini ya miaka 5 humtaka mhudumu aulize kuhusu kikohozi, kuharisha, homa, masikio na lishe, na umeokoa watoto wengi kwa sababu maswali yake ni machache na hayasahauliki. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi lingeongezwa moja tu: homa imekuja pamoja na malengelenge au maumivu mapya ya ngozi? Anayejibiwa ndiyo aanze asaiklovia na kuandika rufaa, kama vile ambavyo leo hakuna anayehitaji bingwa ili kumpa mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari.

Upande wa familia kuna jambo dogo linalowezekana hata kesho. Mwombe nesi wa kliniki aandike kwenye kadi ya mtoto, kwa herufi zinazosomeka, kwamba ana pumu ya ngozi. Atakayempokea usiku akiwa na homa hamjui, na shangazi aliyempeleka huenda hakumbuki kulisema. Akishaugua na kupona, iongezwe tarehe na jina la dawa aliyopewa, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kurudi, na safari ya pili mtoto hapaswi kuanza tena kwenye dawa ya malaria.